UZI: Kwa nini skrini ya hologramu ya kweli haijafika madukani, na polima inahusikaje

Maalim_wa_Amu:

Asalaam aleikum jamaa wa Amu (Lamu), Malindi na kote mliko.

Kuna duka Malindi limetundika ile feni ya taa ambayo ikizunguka huonyesha kiatu au chupa ya soda ikielea hewani. Wanafunzi wangu wameniletea video yake wakiiita hologramu, na darasani pamewaka moto. Nimewaahidi kuandika, na nataka niandike kwa urefu kwa sababu hologramu yenyewe ni jambo tamu kuliko ile feni mara mia.

Feni ile ni ukanda wa taa ndogo za LED unaozunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Picha yake ni bapa. Sogea kushoto, sogea kulia, hutauona ubavu wa kiatu. Mbele ya hologramu ya kweli ukisogeza kichwa, kilichojificha nyuma ya kitu kinajitokeza, na jicho linalenga mbali au karibu kama linavyofanya kwa kitu unachoweza kukishika. Huvai miwani yoyote.

Aliyeibuni ni Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi mji wa Rugby, Uingereza, mwaka 1947. Shabaha yake ilikuwa kuboresha hadubini ya elektroni. Wazo lake lilikaa miaka likisubiri mwanga uliotulia vya kutosha, hadi leza ya kwanza ilipowaka Marekani 1960. Mwaka 1962 Emmett Leith na Juris Upatnieks kule Michigan, na Yuri Denisyuk katika Urusi ya Kisovieti, kila upande kwa njia yake, wakaifanya hologramu iwe kitu cha kutazamwa. Gabor alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia 1971.

Sasa kiini chake. Mwanga ni wimbi. Kamera inapokea nguvu ya wimbi tu. Haijui kama wimbi lilifika likiwa kileleni au bondeni, na humo ndimo habari ya umbali ilimo. Simameni gatini boti mbili zikipita: mawimbi yao yakikutana, pahali maji yanainuka maradufu na pahali yanatulia kabisa. Leza iliyogonga kitu na leza safi isiyogonga chochote zikikutana kwenye utando wenye hisia ya mwanga, hufanya vivyo hivyo na kuacha michirizi ya mwanga na giza. Ile michirizi ndiyo kumbukumbu. Imulike tena kwa leza, na wimbi lililotoka kwenye kitu linazaliwa upya, hata kama kitu chenyewe kimeshaondoka.

Michirizi hiyo imebanana mno, zaidi ya 1,000 ndani ya milimita moja. Hapo ndipo skrini za kawaida zinaposhindwa. Chukueni leza ya kijani ya nanomita 532 na mtake watu waweze kutazama kutoka nyuzi 30 kila upande. Piseli, yaani nukta moja ya skrini, haitakiwi kuzidi kama maikromita 0.53 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Skrini ya sentimita 30 kwa 30 itahitaji piseli bilioni 320 hivi. Skrini ya simu nzuri ina milioni mbili na nusu. Si kompyuta wala kiwanda chochote kinachoweza leo kuendesha piseli bilioni 320 kwa bei ya mtu wa kawaida.

Ndiyo maana mimi nashikilia kwamba mlango wa jambo hili uko kwenye kemia ya utando. Polima, yaani mata ya minyororo mirefu ya molekuli kama plastiki, haina piseli. Molekuli zake zenyewe ndizo zinazoshika michirizi, na ni ndogo kuliko michirizi kwa mbali sana. Tunachotaka ni polima inayoandikwa kwa mwanga, ikafutika, ikaandikwa tena, haraka.

Polima za namna hiyo zipo. Nitaeleza zinavyofanya kazi kama kuna wanaotaka.

Kijana_wa_Malindi:

Maalim eleza tafadhali. Lakini kwanza nitoe wasiwasi: mwaka 2012 si walimleta Tupac jukwaani Marekani, kwenye tamasha la Coachella, akaimba na alishafariki? Ile haikuwa hologramu?

Maalim_wa_Amu:

Haikuwa, ndugu yangu. Ilikuwa picha bapa iliyoakisiwa na utando angavu uliotegwa kwa mshazari jukwaani. Mbinu hiyo John Henry Pepper aliionyesha London tangu 1862, akitumia kioo. Watazamaji walikuwa mbali, kwa hiyo macho hayakuwa na njia ya kugundua ubapa. Aliyekaa ubavuni angegundua.

Sasa polima. Mwaka 1966 wanasayansi wa maabara ya Bell Labs, Marekani, walikuwa wakipitisha leza kwenye fuwele ya lithiamu niobati, wakaona mwanga wenyewe unabadilisha namna fuwele inavyopinda mwanga. Waliliandika kama uharibifu wa fuwele! Baadaye ikaeleweka kwamba ni kalamu. Tatizo la fuwele ni kwamba kuikuza iwe kubwa ni kazi ngumu na ghali. Mwaka 1991 watafiti wa IBM kule Almaden, California, wakapata tabia hiyohiyo ndani ya polima kwa mara ya kwanza. Ilikuwa dhaifu sana. Miaka 3 tu baadaye, 1994, kundi la Chuo Kikuu cha Arizona likatoa polima iliyochepusha karibu mwanga wote ulioingia. Tangu siku hiyo watu wakaanza kuota skrini.

Utando wenyewe una unene wa takriban maikromita 100, umebanwa baina ya vioo viwili vilivyopakwa oksidi ya indiamu na bati, ambayo hupitisha umeme bila kuziba mwanga. Vioo vinaunganishwa na umeme wa volti elfu kadhaa. Michirizi ya leza ikitua juu yake, penye mwanga chaji zinazaliwa kwa jozi: elektroni, na tundu iliyoachwa na elektroni hiyo. Matundu yanasafiri ndani ya polima, elektroni zinabaki nyuma. Yanayosafiri yananaswa penye giza, kwa sababu huko hakuna mwanga wa kuyakurupusha tena. Basi chaji chanya zimekusanyika gizani, hasi kwenye mwanga, na baina yao unazaliwa uga wa umeme uliojipanga kwa umbo lilelile la michirizi. Ndani ya utando mna molekuli ndefu zenye ncha mbili, moja chanya na moja hasi. Hizo zinageuka kuufuata uga. Pale zilipogeuka, mwanga unapindwa kwa kiasi tofauti, na hologramu imeshaandikwa. Kuifuta ni kuimulika yote sawasawa: chaji zinatawanyika, molekuli zinarudi.

Mimi kila nikilieleza hili darasani nasisimka. Mwanga unausukuma umeme, umeme unaigeuza molekuli, molekuli inaugeuza mwanga.

Mkemia_Msabaha:

Maalim umenikumbusha maabara. Niruhusu niongeze upande wa mapishi, kwa sababu ugumu wote umelala humo.

Utando ule ni mchanganyiko wa viungo vinne, na kila kimoja kina kazi yake. Cha kwanza ni polima inayopitisha matundu ikimulikwa; ya zamani na maarufu ni PVK, yaani polivinilikabazoli. Cha pili ni hizo molekuli zenye ncha mbili, kromofori. Cha tatu ni kiungo cha kunasa mwanga na kuzaa chaji, mara nyingi ni jamaa wa fulerini, kile kizimba cha atomi 60 za kaboni. Cha nne ni kilainishi, nacho watu hukidharau ilhali ndicho kinachoamua kasi. Bila kilainishi polima huwa ngumu kama kioo kwenye joto la kawaida na kromofori haziwezi kugeuka. Ukikitia, kiwango cha joto cha polima kulainika kinashuka hadi karibu na joto la chumba, nazo zinapata nafasi ya kuzunguka.

Sasa vuta kamba. Ukizidisha kromofori ili hologramu ing'ae, baada ya muda zinajitenga na kuganda kama chembe, na utando unakuwa na ukungu. Ukizidisha kilainishi, inaandikika upesi lakini inasahau upesi vilevile. Ukiongeza kiungo cha kunasa mwanga, leza inamezwa kabla haijafika upande wa pili. Kila timu niliyosoma kazi yake inapigana vita hivyohivyo.

FundiUmeme_Shela:

Nimeishia hapo kwenye volti elfu kadhaa. Jamaa mnaishi Lamu hii hii ninayoishi mimi? Hapa chumvi inakula hata soketi ya ukutani. Hewa yenye unyevu na chumvi, kisha volti elfu kadhaa kwenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita, cheche itapita pembezoni mwa kioo siku ya kwanza. Mkondo ni mdogo, nakubali, hata sola inatosha. Kinachonitisha ni uvujaji.

Na joto je? Mkemia amesema polima imetengenezwa ilainike kwenye joto la chumba. Chumba cha nani?

Mkemia_Msabaha:

Fundi umegonga penyewe. Chumba cha maabara ya Arizona chenye kiyoyozi. Kwenye nyuzi 32 za mwezi wa pili hapa kwetu, utando uleule utaandikika haraka zaidi na kusahau haraka zaidi, na kule kujitenga kwa kromofori kutakuja mapema. Inabidi mapishi yabadilishwe yafuate joto la mahali, na hilo linawezekana kabisa. Ni suala la uwiano.

Kuhusu volti, kuna habari njema. Naoto Tsutsumi na wenzake, Taasisi ya Teknolojia ya Kyoto, walionyesha hologramu inayoandikwa na kufutwa bila umeme wowote wa nje. Walitumia molekuli inayounganisha kabazoli, ile ya kwenye PVK, na azo, kundi la atomi linaloitikia mwanga, wakaichanganya ndani ya akriliki ya kawaida. Nadhani kwa nchi za joto na chumvi kama hizi, njia hiyo ndiyo ya kufuatiliwa.

Kijana_wa_Malindi:

Swali la mtu asiye na subira: skrini ilipatikana au haikupatikana?

Maalim_wa_Amu:

Ilipatikana, mara mbili, na inafaa kujua ilifikia wapi.

Mwaka 2008 timu ya Arizona chini ya Nasser Peyghambarian, pamoja na kampuni ya Nitto Denko Technical, ilichapisha katika jarida la Nature skrini ya sentimita 10 kwa 10. Picha ilichukua dakika kadhaa kuandikwa na ikabaki ikionekana kwa saa kadhaa, kisha ikafutwa na kuandikwa nyingine. Haikuwa hologramu ya kitu kilichowekwa mbele ya leza. Kompyuta ilichukua picha za kitu kutoka pembe nyingi, ikazipanga upya, na leza ikaandika utando kipande kwa kipande.

Mwezi wa kumi na moja 2010, Pierre-Alexandre Blanche na timu ileile wakaja na leza inayopiga mara 50 kwa sekunde. Kila pigo lilidumu nanosekunde 6 na kuandika kipande kizima. Kamera 16 zilimtazama mtu katika chumba kimoja, data ikapita kwenye waya, na picha yake ya pande tatu ikaandikwa kwingine, ikibadilika kila sekunde 2. Walionyesha pia utando wa sentimita 30 kwa 30. Kwa mapigo mafupi vile hata meza ikitikisika haidhuru, kwa sababu ndani ya nanosekunde 6 hakuna kinachopata wasaa wa kusogea.

Sekunde 2 kwa picha bado haijawa sinema. Sinema inataka picha 24 kwa sekunde. Tena picha ile ilikuwa na kina cha mlalo tu: sogeza kichwa kushoto na kulia unaona ubavu, inua kichwa juu huoni kipya. Hapo ndipo tulipo, na ndiyo sababu sipendi duka limwambie mtoto kwamba feni ndiyo hologramu. Atadhani safari imekwisha na hakuna cha kubuni.

Binti_Mkomani:

Shikamoo Maalim. Shikamooni wote mlionizidi.

Mimi natembeza wageni mji wa kale. Kwenye makumbusho tuna siwa mbili, yaani baragumu za kale za heshima, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Ziko nyuma ya kioo, na ni haki ziwe hivyo. Lakini watoto wa Faza na Kizingitini, ambao siwa ya Pate ni ya mababu zao, wengi hawajaiona kwa macho. Kuvuka ni nauli na ni siku nzima. Nikisoma uzi huu nawaza kitu kimoja: siwa yaweza kupelekwa shule kwa hologramu? Sijali picha kutembea. Nataka mtoto ainamishe kichwa aone nakshi inavyozunguka shingo ya siwa.

Maalim_wa_Amu:

Marahaba binti. Swali lako limenifurahisha kuliko yote, na jibu ni ndiyo. Tena kwako wewe teknolojia imeshakomaa, maana hutaki kufuta.

Unachohitaji ni polima ya aina nyingine, fotopolima ya kudumu. Ndani yake mna molekuli ndogo, monoma, zinazoelea huru. Penye mwanga monoma zinashikana na kuwa mnyororo. Za gizani zinahamia kwenye mwanga kujaza nafasi, nazo zinashikana. Mwisho penye mwanga pamejaa zaidi na panapinda mwanga zaidi. Kisha unamulika kote ili kila kilichobaki kishikane, na hologramu imefungwa. Haifutiki. Hakuna maji ya dawa, hakuna chumba cha kusafishia. DuPont walizitengeneza miaka mingi, na Covestro wanauza utando wa Bayfol HX. Zipo tando nyingine za kale zenye sifa, kama ile ya jelatini na dikromati, lakini hiyo unyevu unaiua. Usiilete Lamu.

Na njia ya Denisyuk ndiyo hasa ya vitu vya makumbusho. Utando unawekwa mbele ya kitu, leza inapita ndani ya utando, inagonga kitu, inarudi. Mwanga unaokwenda na unaorudi unakutana humo na kuacha tabaka zilizolala sambamba na utando. Kwa leza nyekundu ya nanomita 633 tabaka zinaachana kwa nanomita 210 hivi. Utando wa maikromita 16 unabeba zaidi ya 70. Tabaka hizo zinachagua rangi yao zenyewe, kwa hiyo kutazama hakuhitaji leza. Balbu moja au jua la dirishani linatosha. Shule isiyo na umeme itaiona siwa.

Wasovieti walipeleka hologramu za namna hii kwenye maonyesho badala ya vito vyenyewe. Taasisi ya Holografia ya Ugiriki imerekodi mayai ya Fabergé kwa rangi kamili.

Mzee_wa_Langoni:

Wanangu, nimeyasoma yote pole pole. Mato yangu ni mazee lakini nakshi naijua, nimechonga milango tangu ujana.

Suali langu ni moya. Siwa ni amana. Haikuwa ikipulizwa ovyo, ilikuwa na siku zake na watu wake. Mkiishatoa sura yake kamili hivyo, ni nani mwenye sura? Ikiuzwa ng'ambo, je? Na mlango wangu mkiupiga hiyo leza, kesho mashine ya mbali itauchonga bila mkono wa mtu wa hapa. Siwazuii. Nataka ndia ya haki ijulikane yeo, kabla ya kazi.

Binti_Mkomani:

Babu, umesema ambalo mimi nililiogopa kulisema. Siwa ziko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo bila ruhusa yao ya maandishi hakuna anayegusa. Na mimi naongeza: wazee wa Pate na wa Amu waulizwe nao, mbele ya ruhusa ya ofisi. Ningependa tusianze na siwa kabisa.

Maalim_wa_Amu:

Mzee wangu, nakubaliana nawe. Sheria ya kazi iwe hivi: hologramu ya Denisyuk ni moja, iko kwenye utando mmoja, hakuna faili la kompyuta la kutuma ng'ambo. Hilo peke yake ni ulinzi. Mlango ni jambo jingine. Mlango hauwezi kuwekewa utando mzima. Ungepigwa picha kutoka pembe nyingi na kuchapwa kipande kwa kipande, kama walivyofanya Arizona, na hapo faili linakuwepo. Kwa mlango, mwenyewe aandikiane na fundi aliyeuchonga kwanza.

Nakubaliana pia na Binti. Tuanze na kauri, lile kombe la baharini. Ni ngumu, inang'aa, haitikisiki, na hakuna wa kuuliza ila bahari.

Nimeshafanya hesabu. Utando wa sentimita 5 kwa 5, unaotaka milijuli 25 kwa kila sentimita ya mraba, unahitaji milijuli 625. Leza nyekundu ya diodi ya miliwati 5 italeta kiasi hicho kwa sekunde 125, dakika mbili na kidogo. Dakika hizo mbili kauri na utando visiachane hata kwa sehemu ya kumi ya maikromita, la sivyo michirizi inafutana na tunapata utando mtupu.

Na hapa Lamu tuna neema ambayo maabara nyingi zinainunua kwa fedha nyingi. Mitaa ya mji wa kale haina magari. Nyumba za mawe ya matumbawe zina kuta nene, zilizotulia. Usiku jenereta zikizimwa, chumba cha chini cha nyumba ya kale ni mahali bora pa kutengeneza hologramu kuliko ghorofa ya mjini Nairobi. Nasema hivi kwa dhati.

FundiUmeme_Shela:

Kwa miliwati 5 bila volti elfu kadhaa, nipo. Nina bamba la marumaru lililobaki kwenye kazi ya jikoni, zito kama kilo 40. Tunalilaza juu ya nini?

Maalim_wa_Amu:

Juu ya tyubu za baiskeli, fundi. Jaza hewa kidogo tu, bamba likae laini. Tyubu ikikaza inapitisha mtikisiko wa sakafu. Leza iwashwe nusu saa kabla ili itulie, tukizuia mwale kwa kadi nyeusi. Kauri igandishwe kwa gundi moto kwenye bamba, utando uegemezwe moja kwa moja juu ya kauri, kisha tutoke wote nje ya mwale na tusiongee. Mtu yeyote asiangalie mwale kwa jicho, hata ukiwa dhaifu. Utando wenyewe utunzwe gizani mahali pa baridi hadi saa ya kazi, na baada ya kumulikwa tutauanika juani ufungike.

Mkemia_Msabaha:

Utando nitauagiza mimi, karatasi moja tuikate vipande. Unapatikana pia kwa wanaofanya holografia kwa kujifunza. Nitavuka na boti ya Mokowe nikiwa nao ndani ya kisanduku cha barafu, umefungwa karatasi ya fedha. Tufanye baada ya Isha, wiki ambayo hakuna harusi mtaani. Ngoma ikilia nyumba ya tatu, tusahau.

Binti_Mkomani:

Wiki ya harusi nitawaulizia mimi. Na chumba kipo, nyumba ya shangazi yangu Mkomani, ndani kabisa upande wa vidaka. Anauliza tu kama mtahitaji chai kabla au baada ya zile dakika mbili.

Maalim_wa_Amu:

Baada. Na mwambie paka alale nje.